Matembezi ya majengo ya DDR Berlin: ukuta nyota 5, waliotutembeza nyota 3

Nianze na hili, jina la kampuni silitaji. Dada aliyetuongoza alijitahidi kwa nafasi yake na sitaki kumtia mtu mchanga kwenye kitumbua chake, ila euro 22 zimetoka mfukoni kwangu na masaa matatu yameenda, kwa hiyo acheni niseme niliyoyaona, anayetaka kwenda aende akijua anakwenda kupata nini.

Kwa wasiojua, haya ni matembezi ya mguu ya kuangalia majengo ya serikali ya Ujerumani Mashariki, ile DDR iliyokuwepo toka 1949 mpaka 1990, hasa yale ya miaka ya 60 na 70 ambapo walijenga kisasa kweli kweli, vioo na zege na mistari iliyonyooka, afu wakayavalisha picha kubwa kubwa za mozaiki na shaba na vioo vya rangi. Mi sio msanifu wala mchoraji. Nilikuwa Berlin siku nne kikazi, na kilichonipeleka ni picha moja niliyoiona kwenye simu ya mwenzangu, ghorofa refu la vioo limefungwa mkanda wa rangi tumboni, nikasema hili lazima nilione kwa macho.

Tulikutana Alexanderplatz kwenye Saa ya Dunia. Watu 28 muongozaji mmoja, hapo tu nilijua kuna kazi. Tulipewa vile vidude vya kuweka sikioni ili tumsikie, cha kwangu kilikuwa kinakoroma kama redio iliyoishiwa betri, nikabadilishiwa, cha pili nacho kikawa kinasikika nikiwa hatua kumi tu kutoka kwake. Kwa hiyo masaa matatu mimi ni wa kumganda yule dada mgongoni kama kifaranga.

Hiyo saa yenyewe jamani isikupite. Iliwekwa 1969, mbunifu anaitwa Erich John, ni tani 16 za chuma zimesimama juu ya nguzo moja, zimeandikwa majina ya miji ya dunia na saa zake, juu yake kuna vile viduara vya sayari vinazunguka. Dada alituambia "hapa ndo watu wa Berlin wanapopeana miadi" basi, tukaondoka. Hakusema kitu kitamu kuliko vyote, kwamba mtambo unaoizungusha una giaboksi ya Trabant ndani yake, imefanyiwa marekebisho. Trabant! Kile kigari cha plastiki ambacho watu walikuwa wanasubiri miaka na miaka wapewe, giaboksi yake ndo inazungusha miji ya dunia ambayo wananchi wenyewe wengi hawakuruhusiwa kwenda. Ukisimama pale ukijua hilo ile saa unaiangalia kwa jicho lingine kabisa.

Mnara wa televisheni tulipita nao chapchap na sawa tu, unaonekana mji mzima, mita 368, ulifunguliwa Oktoba 1969. Hadithi ya msalaba tulipewa na watu walicheka, yani jua likipiga ile tufe ya chuma kinajichora kivuli cha mwanga chenye umbo la msalaba, wakati wenye nchi walikuwa hawataki hata kusikia habari za kanisa, watu wakakiita kisasi cha Papa. Hadithi nzuri, wala silalamiki, kila anayepita Berlin anapewa.

Sasa lawama yangu inaanzia kwenye chemchemi. Pale pale uwanjani kuna chemchemi ya mwaka 1970, Chemchemi ya Urafiki wa Mataifa, mabakuli ya shaba yamepandana na maji yanashuka toka bakuli moja kwenda lingine, na kuta za chini zimepambwa kwa rangi za kuchomwa kwenye chuma. Dada akatueleza lakabu yake ya mtaani, wenyeji waliita bruchi ya changudoa, vicheko, wazungu wakapiga picha, tukaondoka. Aliyeitengeneza hakutajwa. Weka hilo akilini maana linarudi.

Kutoka pale mpaka Nyumba ya Walimu ni dakika kama tano. Hapa ndo nilipokuja kupaona mimi. Jengo lina ghorofa 12, lilimalizika 1964, msanifu ni Hermann Henselmann. Huyu mzee anachekesha ukimfuatilia, maana miaka ya 50 alikuwa anajenga ile minara yenye mapambo kama keki kule kwenye barabara iliyokuwa inaitwa Stalinallee, kwa sababu ndo mtindo Moscow ilikuwa inautaka, afu mwishoni mwa 1954 Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, akasimama akasema mapambo yanakula hela tujenge kwa bei nafuu na kwa viwanda, upepo ukageuka, na Henselmann akageuka nao akaja na hili boksi la vioo. Upande wa pili kaweka ukumbi mfupi wenye kuba, kama sufuria lililofunikwa, hadi leo ni ukumbi wa mikutano.

Na katikati ya hilo ghorofa, kuzunguka pande zote nne, kuna picha moja. Urefu mita 125, kimo mita 7, vipande kama laki nane. Inaitwa Maisha Yetu. Wenyeji wanauita mkanda wa tumbo na mimi nilipotafsiriwa nikacheka peke yangu maana kichwani kilichonijia ni mkaja, jengo limetoka kujifungua limefungwa mkaja na bibi yake.

Unajua tulisimama pale muda gani? Nilitazama saa. Dakika nne. Dakika nne kwa vipande laki nane, na kati ya hizo dakika nne, mbili zilikuwa za utani kwamba kwenye picha za wakomunisti kila mtu ana misuli na kila mtu ana furaha. Ni kweli, wana misuli, wana furaha. Lakini mbona hujaniambia kwa nini picha imekaa pale na sio kwingine?

Jibu nililipata baadaye na ndo lililonifanya niandike yote haya. Jengo lilikuwa la walimu, na walimu walikuwa na maktaba yao, na zile ghorofa za tumboni ndo ilikuwa stoo ya vitabu. Vitabu havitaki jua. Kwa hiyo pale hapakuhitajika dirisha, na ukiondoa madirisha kwenye ghorofa la vioo unabaki na ukuta mtupu unaozunguka jengo zima, sasa utaufanyaje? Wakauchora. Yani ile picha ni ganda la nje la kabati la vitabu. Mimi hilo lilinipiga kuliko hotuba yoyote ya itikadi, maana ghafla sio bango lililobandikwa juu ya jengo, ni jengo lenyewe lilikuwa na nafasi ya kuvaa nguo pale na likavalishwa.

Kesho yake asubuhi nilirudi peke yangu. Nilikuwa nimeazima darubini kwa jamaa niliyefikia kwake, yeye anaangaliaga ndege nayo. Nikasimama ng'ambo ya barabara, tramu zinapita, watu wananishangaa, nikaanza upande mmoja nikaenda taratibu kama mtu anayesoma. Mtu akiiangalia toka chini bila darubini anaona rangi tu, bluu, njano, nyekundu, sura kubwa, mikono mikubwa, njiwa wa amani, wafanyakazi, watu wa sayansi, basi. Ukiweka darubini kila kitu kinabadilika. Shavu la mtu mmoja lina rangi zaidi ya kumi ndani yake, kuna kijani humo, kuna zambarau, afu vipande havijapangwa mistari iliyonyooka kama vigae vya bafuni, vinafuata shavu linavyopinda, vinazunguka jicho, kama mtu anavyosuka ukili wa mkeka akifika kwenye kona. Na havikulala bapa vyote. Kuna vilivyoinuka kidogo, kuna vilivyoinama, kwa hiyo jua likipita vinawaka kwa zamu, hiki kinawaka kile kinazima. Nilikaa pale saa nzima na robo. Shingo iliniuma mpaka jioni.

Na sisemi ni ukweli mtupu uliochorwa pale. Ukuta wa Berlin ulianza kujengwa Agosti 1961, picha imemalizika 1964, na kwenye mita zote hizo 125 hakuna foleni, hakuna mtu aliyekata tamaa, hakuna anayewaza kuvuka. Inaitwa Maisha Yetu na wenye hayo maisha hawakuulizwa. Aliyeichora, Walter Womacka, alikuwa mtu wa karibu na chama, akapewa ukuu wa chuo cha sanaa cha Weißensee toka 1968 mpaka 1988, huwezi kusema ni msanii aliyekuwa anateseka chumbani. Hilo lisemwe, na ningependa dada angelisema kwa uzito wake badala ya kulifanya kichekesho. Maana ukicheka tu hujalazimika kuangalia.

Na sasa lile nililosema liweke akilini. Ile chemchemi ya bruchi? Womacka huyo huyo. Dakika tano kwa mguu toka ukuta huu. Hatukuambiwa! Tumetoka kwenye kazi ya mtu tukaenda kwenye kazi nyingine ya mtu yule yule, na watu 27 waliokuwa na mimi nadhani wameondoka Berlin bila kujua.

Turudi kwenye matembezi. Tukaenda Karl-Marx-Allee, ndo ile iliyokuwa Stalinallee, na hapa lazima niwe mkweli, hapa dada aliamka. Barabara ni pana mpaka unajiona mdogo, mita kama 90. Alituonyesha kwa kidole inapoanzia sehemu ya zamani yenye minara ya Henselmann, akatueleza wafanyakazi wa ujenzi waliokuwa wanaijenga ndo hao hao waliotupa vifaa chini tarehe 16 Juni 1953 baada ya kuongezewa kazi kwa asilimia 10 bila kuongezewa mshahara, kesho yake mgomo umeenea nchi nzima na vifaru vya Wasovieti viko barabarani. Alisimulia bila utani hata mmoja, polepole, watu walinyamaza. Nyota moja nzima nimempa kwa ajili ya hizo dakika kumi. Angekuwa hivo kote.

Sehemu tuliyosimama yenyewe ni ya baadaye, ilijengwa kati ya 1959 na 1965, fleti za kuta za zege zilizomwagwa kiwandani zikaja kunyanyuliwa kwa winchi, bamba juu ya bamba. Mtu aliyewahi kupita Kikwajuni, Zanzibar, atazitambua, ni mkono ule ule, Ujerumani Mashariki ndo walikwenda kujenga zile fleti baada ya Mapinduzi. Mimi nilisimama nikiangalia veranda mpaka nikasahau niko Ulaya.

Katikati ya fleti hizo wameweka sinema, Kino International, ya mwaka 1963, kazi ya Josef Kaiser. Ghorofa la juu limechomoza mbele kama mtu aliyetoa kidevu, kioo chote, chini yake unapita bila nguzo. Pembeni na nyuma, kuta ambazo hazina madirisha kwa sababu ndani kuna giza la sinema, wameweka michongo 14 ya watu wa kawaida. Unaona mchezo ni ule ule? Pasipohitaji dirisha panapewa picha. Stoo ya vitabu, ukumbi wa sinema, hesabu moja. Nilijaribu kumuuliza dada kuhusu michongo, akasema "yes yes, wafanyakazi tena" na akaendelea na habari kwamba usiku wa tarehe 9 Novemba 1989 ndani humo kulikuwa na uzinduzi wa filamu, watu wakatoka nje wakakuta mpaka umefunguliwa. Kisa kizuri na ni cha kweli. Lakini bado, michongo iko pale, geuzeni shingo.

Ng'ambo yake ni Café Moskau, ya 1964, Kaiser huyo huyo. Hapa nakuambia nenda hata kama hutaki kulipa matembezi ya mtu. Juu kuna mfano wa Sputnik, ile satelaiti ya kwanza ya Wasovieti, ukubwa wa yenyewe, ni zawadi ya balozi wa Wasovieti, kamepiga antena zake kama panzi aliyetua. Na mlangoni kuna mozaiki ya Bert Heller kuhusu maisha ya watu wa Muungano wa Kisovieti, na tofauti na ule mkanda wa tumbo hii imekaa chini, unaikaribia kwa pua. Niliikaribia. Ukiwa hatua tatu ni watu na nguo zao. Ukiwa nusu mita ni vijiwe tu, vina makovu, kuna kimoja kimevunjika kona, na katikati ya vijiwe kuna saruji ya kijivu ambayo kumbe ndo inafanya rangi zionekane kali, kama wanja kwenye jicho. Mlinzi alitoka akaniangalia. Nikamwambia naangalia tu. Akaangalia na yeye.

Tukapanda treni ya chini pale Schillingstraße, U5, tukashuka Museumsinsel, na hapa ndo matembezi yalipoharibika. Dakika 40. Arobaini! Tumesimama kwenye upepo tunaelezewa jengo ambalo halipo. Naelewa kwa nini, Palast der Republik, yani Jumba la Jamhuri, ni hadithi kubwa, ilifunguliwa 1976 na bunge lao lilikuwa humo, pamoja na migahawa na ukumbi wa watu 5,000, watu walienda kucheza dansi jengo moja na bunge, taa zilikuwa nyingi mpaka wakaliita duka la taa la Erich, yani Erich Honecker, kiongozi wao. Ikafungwa 1990 kwa ajili ya asbesto, ikabomolewa kati ya 2006 na 2008, na pale pale wamejenga upya sura ya ikulu ya wafalme ambayo wakomunisti walikuwa wameilipua 1950. Watu wanabomoleana kwa zamu. Sawa, inafikirisha, ila mbele yetu palikuwa na ukuta mpya unaojifanya wa kale, na mgongoni kwetu, hatua chache, palikuwa na jengo la kweli la 1964 lililosimama na kila kitu chake.

Hilo ni jengo la Baraza la Taifa, mbele wamepachika lango lililookolewa kwenye ikulu iliyolipuliwa, kwa sababu ndo lenye ile roshani mwanamapinduzi Karl Liebknecht alipotangaza jamhuri ya kijamaa 1918. Ndani, kwenye ngazi, kuna dirisha la vioo vya rangi linalopanda ghorofa tatu, historia ya harakati za wafanyakazi wa Ujerumani, Liebknecht na mwenzake wa mapinduzi Rosa Luxemburg wamo. Nani kalitengeneza? Ndiyo. Womacka. Mara ya tatu siku hiyo. Na nani anapanda hizo ngazi leo? Wanafunzi wa chuo cha biashara. Yani kijana anakwenda darasani kujifunza namna ya kuongeza faida, anapita chini ya miguu ya Rosa Luxemburg, kila siku, mara mbili. Dada alisema "na pale ni shule ya biashara siku hizi" akakunja mkono kulia. Kwa nje vile vioo ni vyeusi tu, havionyeshi kitu mpaka mwanga uvipitie wewe ukiwa ndani, na kundi halikuwa na ruhusa ya kuingia. Kama kampuni inasoma, hapo ndo pa kuwekeza, ombeni ruhusa, hata nusu saa mara moja kwa mwezi, ongezeni euro tano nitalipa.

Tulipoachana nikatembea peke yangu mpaka Friedrichsgracht, kando ya mfereji, hapo karibu. Ukutani mwa nyumba ya kupanga kuna kazi nyingine ya Womacka ya 1968, mabamba ya shaba yaliyochomewa rangi, ilikuwa kwenye wizara ya ujenzi. Wizara ilipobomolewa 2010 mabamba yalitolewa na kuhifadhiwa, na 2013 yakafungwa upya hapa. Jina lake ni Mtu, Kipimo cha Vitu Vyote. Chini yake kuna maegesho ya baiskeli. Palikuwa na mama mmoja anafungua kufuli, nikamuuliza kama anaishi hapo akasema ndiyo, nikamuuliza anaionaje hiyo picha, akainua kichwa akaitazama kama ndo kwanza anaiona, akasema asubuhi inang'aa, inamwingia mpaka jikoni.

Kwa hiyo hesabu yangu. Muongozaji 3, moja ya 1953 imemuokoa. Vidude vya masikioni 1. Majengo na picha 5 na ningekuwa na 6 ningetoa. Ukitaka kufanya mwenyewe anza Saa ya Dunia, chemchemi, Nyumba ya Walimu zunguka pande zote nne usiishie upande wa picha za mtandaoni, afu Karl-Marx-Allee mpaka Café Moskau, rudi kwa U5. Jua la asubuhi linapiga mashariki na la jioni magharibi, kwa hiyo huo mkanda unatakiwa uendewe mara mbili. Beba darubini. Yoyote ile, hata ya mtoto.